Si Umebonyeza Tu?

Aisee, kuna maneno matatu yanayonipandisha presha kuliko kodi ya fremu: "Si umebonyeza tu?"

Nina steshenari hapa Moshi, shuka kidogo kutoka Mnara wa Saa ukielekea stendi. Fotokopi, laminesheni, kubana spirali, bahasha za kaki, yote yapo. Kuprinti ukurasa mmoja ni shilingi 200, na hiyo watu wanalipa bila kununa, kwa sababu karatasi wanaiona ikitoka, ina joto lake, wanaishika mkononi. Lakini kazi ya kulifanya faili lao likubalike na printa haina joto wala harufu ya wino. Hakuna anayeiona, basi hakuna anayeilipa.

Tuanze na flashi. Flashi za mji huu zimepita kwenye kompyuta nyingi kuliko noti ya elfu moja ilivyopita mifukoni. Zilikuwa zinaniletea virusi vya kila ukoo, mpaka nikaweka Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, na kuanza kufanya kazi zangu kwenye lile dirisha jeusi la kuandika amri. Virusi vimepungua. Maneno yameongezeka. Mtu akiona maandishi meupe kwenye kioo cheusi anashika pochi. Mama mmoja aliyekuja kuprinti barua ya kuhamisha mtoto shule aliniuliza kwa upole kabisa: "Baba, hii si ndiyo ile wanayoibia benki?" Nikamwambia mama, ningekuwa naibia benki ningekuwa hapa nauza peni?

Halafu majina ya mafaili. Hivi nani aliwafundisha watu kuandika "ratiba ya mwisho kabisa (2) MPYA sahihi.docx"? Dirisha jeusi likikuta nafasi kati ya maneno linadhani ni mafaili tofauti: "ratiba" moja, "ya" jingine, "mwisho" jingine. Likifika kwenye mabano linagoma kabisa. Itabidi ufunge jina zima kwenye alama za kunukuu kama vile umelinukuu bungeni. Na bado siyo la mwisho. Mwenye nalo anakuja jioni na la "(3)".

Nikishalifunga, naandika `soffice --headless --convert-to pdf`, jina la faili, naingiza, ligeuke PDF tayari kwa kuprinti. Sasa hiki chombo cha LibreOffice, programu ya kuandikia nyaraka, kina tabia yake. Kama dirisha lake la kawaida nimeliacha wazi kule nyuma, mara nyingine linapokea amri, halifanyi chochote, wala halisemi kwa nini. Na hata kazi ikienda vizuri, programu nyingi za dirisha jeusi hazina sherehe. Hazisemi "hongera", hazipigi kengele. Zikinyamaza ndiyo zimefaulu. Mteja amesimama nyuma yako anapumulia shingo: "Mbona haijafanya kitu?" Imefanya, kaka. "Mbona kimya?" Unataka iimbe?

Hapo bado karatasi. Dunia karibu yote inatumia A4, milimita 210 kwa 297. Marekani wao wana Letter, 216 kwa 279, pana kidogo, fupi kidogo. Programu nyingi zinakuja zimewekwa Letter, na kijana aliyeandika wasifu wake wa kuombea kazi akiwa mtaani Majengo hajawahi kuishika karatasi hiyo maishani mwake. Printa yangu nayo ni mtiifu kupita kiasi. Inasoma Letter, inawasha taa ya njano, inasubiri niilishe Letter. Nitaitoa wapi, sokoni Mbuyuni? Ndipo naita Ghostscript, programu ya kurekebisha PDF, iulazimishe ukurasa uingie A4: `gs -sDEVICE=pdfwrite -sPAPERSIZE=a4 -dFIXEDMEDIA -dPDFFitPage -o safi.pdf cv.pdf`. Huo mstari niliusotea mpaka nikaujua kwa kichwa. Kijana anatazama vidole vyangu vikienda, kisha anauliza nauli yake ya daladala itabaki au vipi.

Wale wa kadi za harusi ndio kiboko. Wanataka fonti ya mikunjo, herufi zinajipinda utadhani zinacheza kwaito. Wameipakua kwenye simu ya shemeji, faili limekuja kwangu, fonti imebaki kwa shemeji. Napiga `pdffonts`, naangalia safu ya "emb", imeandikwa "no". Yaani faili linataja fonti ambayo halikuja nayo. Matokeo yake jina la bwana harusi linatoka viboksi vitupu. Bibi harusi anapiga kelele dukani kana kwamba ndoa nimeivunja mimi.

Ila mzigo wenyewe hasa ni vijitabu vya ibada ya mazishi. Huku kwetu mtu hazikwi kwa karatasi moja. Kuna wasifu wa marehemu, nyimbo, ratiba ya shughuli, watoto, wajukuu, vitukuu, wakwe, shukrani. Juzi ilikuja familia kutoka Kibosho na kurasa 9. Kijitabu kinakunjwa katikati, karatasi moja ya A4 inabeba kurasa 4, kwa hiyo idadi lazima igawanyike kwa 4. Tisa haigawanyiki. Inapanda mpaka 12, na tatu zinabaki tupu. Baba mdogo wa wafiwa, mzee wa koti na kofia, akavua miwani: "Mangi, hizo kurasa tatu tupu tunazilipia za nini?"

Nikaeleza. Nikachukua karatasi, nikaikunja mbele yake, nikaandika namba: ukurasa wa 12 unakaa ubavuni mwa ule wa 1, wa 2 unakaa na wa 11, katikati wanakutana wa 6 na wa 7. Mzee akaigeuza ile karatasi huku na huku, akaikunjua, akaikunja tena, akamwonyesha katibu wa kamati. Wakanong'ona. Wakarudi na uamuzi: jaza picha za wajukuu. Nikajaza. Loo! Kumbe nyumba ya mke mkubwa wamejaa kurasa zote tatu, nyumba ndogo hawaonekani hata mmoja. Simu zikapigwa. Likaja bodaboda na bahasha ya picha, ukaongezwa ukurasa mmoja, tukafika 13. Kumi na tatu inapanda mpaka ngapi? Kumi na sita. Tupu zimebaki ngapi? Tatu! Mzee akaniangalia kama ndimi niliyeanzisha hesabu duniani.

Na marehemu anatoka hospitali saa nne asubuhi, msisahau. Pale ndipo naandika `pdfjam --booklet true --landscape`, kurasa zinajipanga zenyewe, kisha naituma kwenye printa kwa `lp` na kuiambia ichape pande mbili, `two-sided-short-edge`. Usipotaja huo upande mfupi, nusu ya nyimbo zinasimama kichwa chini na waombolezaji wanaimba kwa kuinamisha shingo. Nikachapa nakala zote, nikazikunja, nikazibana pini. Katibu akahesabu karatasi kwa ulimi na kidole, akalipa karatasi. Mpangilio je? "Si umebonyeza tu, mangi?"

Sitaki hata kuwazungumzia wanaotaka Mlima Kilimanjaro kwenye kila kitu, ila nitawazungumzia. Kipeperushi cha harambee ya kwaya, mlima. Cheti cha chekechea, mlima. Picha nzima ya Kibo nyuma ya maandishi, anga la buluu kutoka pembe hadi pembe, tona ya buluu inakwisha kama imemwagwa. Mlima si huo hapo nje? Subiri asubuhi mawingu yafunguke, utauona wote, mita 5,895, bure. Halafu karatasi ikitoka wanalalamika anga limekuwa la zambarau. Kioo cha simu kinachanganya taa nyekundu, kijani na buluu. Printa inachanganya wino wa buluu-bahari, waridi, njano na mweusi. Buluu ile inayowaka kwenye simu haimo ndani ya chupa hizo. Mwalimu wa kwaya akanijibu, "Basi ongeza mwanga." Niongeze mwanga kwenye karatasi!

Alikuja pia mjuaji mmoja, mwanachuo, na faili la PostScript. Akanisomesha historia: hiyo ni lugha ya kuiambia printa ichore nini, kampuni ya Adobe waliitoa mwaka 1984, mwaka uliofuata Apple wakaiweka kwenye LaserWriter. Kweli tupu, sibishi. Akataka niitume moja kwa moja bila kuibadilisha, `lp -o raw`. Nikamwambia, mdogo wangu, printa hii inajua PCL, lugha nyingine ya printa, PostScript haijui. Akasisitiza, eti mafundi wa Moshi tunaogopa vitu. Haya. Karatasi ya kwanza ikatoka na `%!PS-Adobe-3.0` pale juu, chini yake manamba na "moveto", kila mstari unaanzia ule wa juu ulipoishia, unashuka ngazi mpaka unadondoka nje ya karatasi. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu. Mpaka nikachomoa waya ukutani. Naye alikuwa na swali moja tu: hizo nazo zinalipiwa?

Hiyo Ghostscript yenyewe iliandikwa na Mmarekani, L. Peter Deutsch, ikatoka mwaka 1988, na akaigawa bure. Nadhani ndiyo kisa. Habari zimewafikia wateja wangu kwamba mwenye chombo hakutoza, mimi ninayekishika tu nitoze kama nani?

Na kuna hii mpya. Nimekaa na faili la mtu, nimerekebisha karatasi, nimefungia fonti ndani, nimepunguza ukubwa wa picha kwenye kurasa zilizogoma kufunguka. Faili linang'aa. Naelekeza kidole kwenye printa, naye anatoa simu: "Bosi, nitumie tu hiyo PDF WhatsApp. Nitaprinti kule juu, kwao ni mia."

Nikasema basi. Nikatengeneza bango, A4 safi, herufi nene, mpaka mwekundu: KUBADILISHA FAILI SHILINGI 500, HATA KAMA HUPRINTI. Nikalipiga laminesheni, nikalibandika juu ya printa usawa wa macho.

Wa kwanza kulisoma alikuwa jirani yangu muuza chipsi. Alisimama mbele yake muda mrefu, mikono kiunoni, akitikisa kichwa kwa kuridhika. "Jirani," akasema, "hili bango limekaa vizuri sana. Nibadilishie maneno liseme LEO HATUKOPESHI, unirushie kwenye simu."