Chuo Nacho Kipangiwe Tarehe

Mwanafunzi wa chuo kikuu hapa Tanzania anaishi kwa tarehe. Kuna mwisho wa kujisajili kozi, mwisho wa kulipa ada ili uruhusiwe kuingia kwenye mtihani, mwisho wa kuomba kuahirisha masomo, mwisho wa kukata rufaa. Ukipitwa, mfumo unafunga na hakuna wa kumlilia. Chuo chenyewe kina tarehe zake pia: kutunga mitihani, kusahihisha, kupeleka matokeo seneti, kikao kikuu cha taaluma cha chuo. Ila katika vitabu vyote vya mwongozo nilivyowahi kusoma, sijakutana na tarehe ya chuo kumtafuta mwanafunzi anayezama. Hapo ndipo penye ugomvi wangu.

Siombi watu wapewe maksi za bure. Mtu atakayenichoma sindano au kunijengea daraja ni lazima awe amefaulu kweli, na asiyeweza aambiwe hivyo. Naongelea wale walioweza, wakaanguka kwa jambo ambalo lingejulikana mapema kama kuna mtu angeuliza.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayoniuma. Katika vyuo vyetu vingi koziweki, yaani testi na kazi za muhula, ina maksi 40 na mtihani wa mwisho, UE, una 60. Kufikia wiki ya nane au ya tisa ya muhula, testi ya kwanza imeshasahihishwa. Matokeo yanabandikwa ubaoni au CR, kiongozi wa darasa, anayatupa kwenye kundi la WhatsApp, namba za usajili kwa maksi. Kila mtu anatafuta ya kwake, anafurahi au ananyamaza, maisha yanaendelea. Sasa mchukue aliyemaliza koziweki na 9 kati ya 40. Ili afikishe 40 za kupata C anahitaji 31 kati ya 60 kwenye UE. Yaani mtu ambaye muhula mzima hakufikisha hata robo ya maksi anatakiwa, kwa saa mbili au tatu, apate zaidi ya nusu. Na pale ambapo chuo kimeweka kiwango cha chini cha koziweki, huyo hata chumba cha UE haoni. Hatari hiyo ilianza kuonekana wiki ya tisa. Karatasi ilikuwa mezani kwa mhadhiri, na nakala yake ikasomwa na darasa zima.

Kwa nini alipata 9? Wapo wavivu, siwatetei. Lakini niliwahi kuwa CR wa darasa la watu zaidi ya mia tatu, na CR husikia mambo ambayo mhadhiri hayasikii. Yupo ambaye jina lake la mkopo halikutoka awamu ya kwanza, wala ya pili, akawa anaingia darasani hajala tangu jana. Yupo anayebebana na rafiki hosteli, analala wawili kitanda kimoja, msuli, yaani kujisomea, anaupigia nje kwenye kimbweta mpaka mbu wamfukuze. Yupo aliyetoka kidato cha sita ambako kulikuwa na kengele, mwalimu wa zamu na matroni, akaachiwa ghafla ratiba yenye mashimo ya saa nne katikati ya siku. Yupo ambaye Kiingereza cha mhadhiri kinamwacha nyuma, na anaona aibu kusema kwa sababu anadhani ni yeye peke yake. Yupo asiyeona ubao. Yupo mjamzito.

Mwenzetu mmoja alipotea wiki kadhaa katikati ya muhula. Baba yake alikuwa amelazwa hospitali ya mkoa, na yeye ndiye mkubwa nyumbani. Aliporudi, testi zote mbili zimempita, akaambiwa aandike barua, akaandika. Fomu ya kuahirisha masomo kwa sababu za kifamilia ilikuwepo, lakini siku zake za mwisho zilikuwa zimepita yeye akiwa anabadilisha zamu na shangazi yake wodini. Alifanya UE hivyo hivyo. Matokeo yalipotoka alikuwa amedisko, yaani ameondolewa chuo kwa kufeli. Fomu ile ilikuwa karatasi moja. Hakuna aliyewahi kutuonyesha kwamba ipo, mimi nikiwemo miongoni mwa wasioijua, na nilikuwa kiongozi wa darasa.

Watu wa utawala husema, na hapa wana haki, kwamba huduma zipo. Kweli zipo. Kuna ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi, kuna washauri nasaha, kuna zahanati, kuna ofisa mikopo. Vyuo vikubwa vina kitengo cha wanafunzi wenye mahitaji maalumu, na miaka ya karibuni yameanzishwa madawati ya jinsia. Serikali za wanafunzi zina hadi waziri wa mikopo. Tatizo ni kwamba zote zimekaa nyuma ya mlango zikisubiri mlango ugongwe. Anayejua kugonga ni yule mwenye kaka au dada aliyepita chuo, mzazi mwenye shahada, au mdomo. Mtoto wa kwanza wa ukoo kufika chuo kikuu, ambaye ndiye mwenye kuhitaji zaidi, hajui hata kwamba mlango huo ni wake.

Tena mlango wenyewe unatisha. Ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi ndiyo inayoshughulika na vyumba, na pia na nidhamu. Kwa mwanafunzi wa kawaida, kuitwa huko kunamaanisha umefanya kosa. Ukimwambia mtu mwenye msongo wa mawazo apeleke siri zake kwenye jengo ambako wenzake wanahojiwa kwa kukamatwa na desa, notisi za kuibia, kwenye mtihani, hataenda. Mshauri nasaha atengwe na nidhamu, apewe chumba chake, na kiwe mahali ambapo kuingia hakuzui maswali. Hili halihitaji mfadhili.

Kuhusu mshauri wa kitaaluma, sina mengi. Wengi wetu tulipangiwa mmoja kwenye karatasi, tukamwona siku ya kusaini fomu.

Kitu ambacho kila mwanafunzi hukipata, awe mtoto wa waziri au wa mkulima wa Kasulu, ni kozi autilaini. Wiki ya kwanza mhadhiri anaigawa: mada, vitabu, mgawanyo wa maksi, idadi ya testi. Hiyo ndiyo sera ya chuo inayomfikia mwanafunzi mkononi, na hapo ndipo ningeanzia. Nusu ukurasa ingetosha. Ukikosa testi kwa ugonjwa au msiba, nani umwambie na ndani ya siku ngapi. Kazi ikichelewa, inakatwa maksi ngapi kwa siku, au haipokelewi kabisa. Leo mhadhiri huyu anapokea kazi ya jana bila neno, wa mlango wa pili anairudisha kwa kuchelewa dakika kumi, na sisi tunazijua tabia zao kwa umbea wa waliotangulia. Sheria inayojulikana kwa umbea inamwadhibu mgeni. Kisha chini yake yaandikwe majina: mshauri wa kitaaluma wa kozi, mshauri nasaha, dawati la jinsia, ofisa mikopo, na chumba, saa na namba ya simu ya ofisi ya kila mmoja.

Cheti cha ugonjwa nacho kitazamwe upya. Vyuo vingi vinataka kithibitishwe na zahanati ya chuo. Naelewa sababu, maana vyeti vya kununua vipo. Lakini aliyeugulia kijijini, akatibiwa zahanati ya kata, anarudi na karatasi yenye mhuri wa serikali halafu anaonekana mwongo. Daktari wa chuo anaweza kupiga simu kwa mganga wa zahanati ile akauliza.

Halafu kuna Septemba. Sapu, mtihani wa marudio kwa aliyefeli kozi, hufanyika wakati wa likizo, wenzako wako makwao. Bumu la mwaka, fedha ya mkopo ya kujikimu, limekwisha, hosteli nyingi zimefungwa au unalipia upya. Posho ya chakula na malazi ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku mwaka wa masomo 2022/23, na tulishukuru, ila inahesabiwa kwa siku za masomo. Siku za sapu ni zako na Mungu wako. Mwanafunzi wa Dar es Salaam anaamka nyumbani kwao, anapanda daladala, anafanya mtihani. Mwanafunzi wa Kigoma anatafuta nauli ya kwenda na kurudi, mahali pa kulala na chakula, kwa ajili ya karatasi moja au mbili. Wapo wanaoshindwa kurudi kabisa, na rekodi zinasema hawakutokea kwenye mtihani. Kwamba sapu haikupi zaidi ya C hata ukipata 80, sina ugomvi nalo. Ninachotaka ni bweni moja libaki wazi wiki hizo mbili, na wahadhiri wasaidizi wafanye marudio ya kozi zilizoshika watu wengi. Mabweni yapo. Yale ya Magufuli pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaliyofunguliwa 2017, peke yake yana nafasi za wanafunzi 3,840.

Na hilo linanikumbusha jambo. Mwaka uliofuata ikafunguliwa maktaba mpya ya chuo hicho hicho, yenye nafasi za kukaa watu 2,100 kwa wakati mmoja. Ni majengo ya kujivunia, nami najivunia. Lakini msaada kwa mwanafunzi ni mtu, na kuajiriwa kwa mshauri nasaha hakukatiwi utepe, hakupigwi picha, kwa hiyo bajeti ikibana ndiyo nafasi ya kwanza kuachwa wazi.

Nitaambiwa mwanafunzi wa chuo ni mtu mzima, ajitafute mwenyewe. Mfanyakazi wa benki naye ni mtu mzima, na asipotokea kazini siku tatu bosi wake anampigia simu. Kumpigia hakumfanyi mtoto.

Nitaambiwa pia watu ni wengi na wahadhiri hawatoshi. Hili ni la kweli zaidi, kwa hiyo tulipime. Darasa la watu 400, tuseme 60 wamepata chini ya nusu ya maksi za testi ya kwanza. Wagawe kwa wahadhiri wasaidizi watatu, kila mmoja ana simu 20 za kupiga. Simu ya dakika tano: umepata kiasi hiki, kuna nini, njoo semina ya Jumatano, au nenda kwa fulani chumba fulani. Ni alasiri moja. Georgia State kule Atlanta, Marekani, chuo cha umma chenye wanafunzi wengi wa familia za kipato cha chini, walianza mwaka 2012 kutumia mfumo unaofuatilia dalili zaidi ya 800 kwenye rekodi za kila mwanafunzi, na dalili ikitokea mshauri ndiye anayemtafuta mwanafunzi. Waliajiri washauri wapya kwa makumi. Wana pia ruzuku ndogo kwa wanaokaribia kuondolewa kwa sababu ya deni dogo la ada. Idadi ya wanaohitimu ikapanda. Sisi hatuna fedha za Atlanta, lakini mifumo yetu ya matokeo inajua maksi za kila mtu, na kuchuja walio chini ya kiwango ni kazi ya dakika chache.

Tuhesabu na upande wa pili wa gharama. Mwanafunzi mwenye mkopo aliyedisko mwaka wa pili hasamehewi deni. Bodi ya Mikopo bado inamdai, na akipata kazi ya kuajiriwa asilimia 15 ya mshahara itakatwa kulipia shahada ambayo hana. Asipopata kazi, fedha ya umma imepotea. Mshahara wa mshauri nasaha mmoja ni mdogo kuliko mikopo ya darasa dogo tu la waliodisko.

Lipo jambo moja ambalo simu peke yake haitatui. Baadhi ya wasichana wanaofeli hawajafeli, wamefelishwa. Rushwa ya ngono ni kosa la jinai, kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinalitaja wazi. Lakini sheria hiyo inafikaje kwa binti wa mwaka wa kwanza ambaye malalamiko ya maksi yanaanzia idarani, kwa mhadhiri yule yule au rafiki yake wa ofisi ya jirani? Rufaa iwe na njia isiyopita idarani. Karatasi isahihishwe na mtu mwingine, jina la mwanafunzi lisionekane, na ada ya rufaa irudishwe kama maksi zimebadilika. Dawati la jinsia lipokee mashauri haya moja kwa moja na liwe na mamlaka ya kusimamisha matokeo ya kozi hiyo mpaka uchunguzi uishe. Hapa sina subira ya kusubiri kamati.

Basi seneti ziandike: kufikia mwisho wa wiki ya tisa, kila idara iwe imewatafuta wanafunzi wake walio chini ya kiwango, na mkuu wa idara asaini kwamba imefanyika, kama anavyosaini matokeo. Idara isiyofanya hivyo iulizwe kwenye kikao kile kile kinachopitisha majina ya wanaodisko.

Na wewe uliyechaguliwa CR wiki hii ya kwanza, usisubiri seneti. Mhadhiri akimaliza kusoma kozi autilaini, nyoosha mkono mbele ya darasa zima umuulize: mtu akikwama, aende kwa nani, chumba namba ngapi, na siku za kuahirisha zinaisha lini? Ukipewa majibu, yabandike juu kabisa ya kundi la darasa, yasishushwe mpaka UE iishe.