Kamera mkononi mwa mwanafunzi: inasaidia au inavuruga?

Walimu wengi wanaotetea matumizi ya kamera darasani huanza na hoja ya hamasa: mpe mtoto kamera, naye atachangamka. Ni kweli, ila hoja hiyo haina nguvu, maana mchangamko wa kifaa kipya hupoa baada ya vipindi vichache. Yenye uzito zaidi ni kwamba kupiga picha humlazimisha mwanafunzi kuchagua. Aliyetakiwa aonyeshe mmomonyoko wa udongo kwa picha tatu tu, lazima aamue kwanza unaonekana wapi na nini kiachwe nje ya fremu. Hapo ameshaanza kufikiri.

Mpiga picha wa Marekani, Wendy Ewald, amewapa watoto kamera tangu miaka ya 1970 wapige picha familia zao na hata ndoto zao, kisha waandike juu yake. Kazi hiyo ilizaa mpango wa kufundisha kusoma na kuandika kupitia picha katika Chuo Kikuu cha Duke, uliofika baadaye hadi shule za Arusha. Mtoto anayekwama mbele ya karatasi tupu mara nyingi hupata la kusema akiwa na picha yake mwenyewe.

Wanaopinga nao wana ushahidi. Mwaka 2014 mwanasaikolojia Linda Henkel alichapisha utafiti uliofanyika kwenye jumba la makumbusho: watu walisahau zaidi vitu walivyovipiga picha vikiwa vizima kuliko vile walivyovitazama tu. Lakini walipovuta kamera karibu na kunasa sehemu moja ya kitu, hasara hiyo haikuonekana. Kwangu mimi, matokeo haya ya pili ndiyo yanayopaswa kumwongoza mwalimu. Mwanafunzi anayepiga picha ubao ili asinakili ameiachia simu kazi ya kukumbuka. Anayepiga picha kivuli cha mti uleule kila saa, akapima urefu wake na kuchora grafu, anajifunza hesabu na jiografia kwa pamoja.

Linalonitia wasiwasi hasa ni faragha. Mtoto akitumwa apige picha nyumbani, anaweza kuleta darasani ugonjwa au umaskini ambao wazazi wake hawakutaka uonekane. Ibara ya 16 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 inalinda faragha ya mtoto na ya nyumba yake. Fomu ya ruhusa iliyosainiwa na mzazi mwanzoni mwa mwaka haitoshi. Mtoto mwenyewe aulizwe kabla ya kila picha kubandikwa ukutani, na akikataa asidaiwe sababu.

Gharama hainisumbui sana: kamera moja kwa kikundi yatosha, na ubishi wa wapi pa kusimama ni sehemu ya somo. Kikwazo kikubwa ni muda. Picha isiyojadiliwa haina faida, na kama kipindi hakitoshi kupiga na kujadili, afadhali mwalimu alete picha moja aliyoipiga mwenyewe, wanafunzi waichambue kipindi kizima.