Anko, utarudi lini?

Kijana niliyepangiwa kumtembelea kwa kujitolea hapa Birmingham, Uingereza, alimaliza vikao vitatu bila kunisemesha. Kofia ya sweta imefunika uso, macho kwenye chipsi. Siku ya nne akauliza: "Wanakulipa kiasi gani kukaa na mimi?" Nikamwambia sipati hata senti. Ndipo akanitazama. Ana miaka 16, yuko chini ya ulezi wa serikali, na kila mtu mzima aliye karibu naye yupo kazini: afisa ustawi, mlezi, mpaka dereva.

Kabla sijaruhusiwa kuketi naye nilisubiri miezi miwili. Rekodi zangu za polisi zikapekuliwa, wadhamini wakaulizwa, nikakalishwa darasani Jumamosi tatu. Usimpe namba yako binafsi. Usimpige picha. Usimwahidi kumtunzia siri, maana akikwambia anapigwa lazima useme. Na tangu siku ya kwanza mwambie mtaagana lini.

Nilinuna. Mimi nimelelewa na mtaa. Mama wa jirani alinichapa na kunilisha bila cheti cha polisi. Ila wenzetu walifunzwa na msiba. Mwaka 2002, huko Soham, mji mdogo wa Uingereza, mtunza majengo wa shule ya sekondari aliua wasichana wawili wa miaka 10. Tuhuma zake za nyuma zilikuwa zimelala kwa polisi wa mkoa mwingine.

Desemba nikaenda nyumbani Moshi, nikapitia kituo kimoja cha watoto na mchele kilo 50 na katoni ya sabuni. Hakuna aliyeniuliza hata jina. Muda si muda nimepakatishwa mtoto, mhudumu ameshika simu yangu anatupiga picha. Uani, Wazungu wawili waliokuja kwa wiki mbili walikuwa wanaogesha watoto. Hivi Birmingham nani angeniachia mtoto nimwogeshe, eti kwa sababu nimetoka mbali na nina moyo mzuri?

Jirani zetu Kenya walisimamisha usajili wa vituo vipya vya kulelea watoto mwaka 2017. Wengi wa watoto wa vituoni wana mzazi au ndugu aliye hai. Umaskini ndio uliowatoa nyumbani. Ule mchele ungeweza kwenda kwa bibi yake mtu. Na tusiwasingizie Wazungu peke yao, sisi wa Desemba ni walewale.

Yule mtoto alinishika mkono wa shati: "Anko, utarudi lini?" Nikajibu, "Karibuni tu." Ndege yangu ilikuwa Alhamisi.

Kijana wa Birmingham siku yetu ya mwisho anaijua. Ameiweka kwenye simu yake, na kila Jumanne ananihesabia zimebaki ngapi.