Bomba Moja, Mafundi Mia

Ukitaka kujua duniani kuna mafundi wangapi, sema kwa sauti mbele ya watu usiowajua: "Bomba langu linavuja." Basi. Aliyesinzia ataamka, mwenye haraka ataahirisha safari, na yule ambaye ukimuuliza saa hujifanya hasikii, leo anakushika bega na kukuita ndugu yangu.

Na hakuna hata mmoja atakayeuliza linavujia wapi. Jamani, si ndilo swali lenyewe! Likidondosha mdomoni hali umelifunga, mpira wa ndani umekwisha. Likitoa maji shingoni, chini ya mkono wa kufungulia, na hasa ukiwa umelifungua, ni kizibo cha shingoni kimelegea au kimechakaa. Likilia pale linapoungana na paipu, hapo sasa ndipo penye kazi ya ile tepu nyeupe. Magonjwa matatu, dawa tatu. Lakini bingwa wa kwanza kashatoa cheti bila kumwona mgonjwa: "Zungushia tepu!" Izungushwe wapi, mdomoni? Tulifunge bomba kitambaa kama mwenye jino bovu?

Bingwa wa pili: "Likaze kwa nguvu." Huyu ndiye mbaya wao. Ukilikaza, mpira unagandamizwa kwenye kikalio chake cha chuma mpaka unachongeka duara. Kesho utahitaji nguvu zaidi, keshokutwa mikono miwili, mtondo goti ukutani, kisha siku moja mkono wa bomba unabaki nao kiganjani, na tone linaendelea tu, to, to, to, kama halikuhusika.

Kazi yenyewe ya kubadili mpira wala haina uganga. Funga maji kwenye valvu kuu. Fungua bomba liishiwe. Halafu, na hapa ndipo wengi wanapoumbuka, ziba tundu la sinki kwa kitambaa, maana skrubu ya mkono wa bomba ina mapenzi ya ajabu na lile tundu. Toa mkono, ishike shingo kwa spana na uizungushe kinyume cha saa, huku mkono wako wa pili umelikamata bomba lenyewe, usije ukaling'oa na paipu ya ukutani. Ukiitoa, mwisho wake utakuta kampira kamebonyea, kamechoka maisha. Nenda nako dukani vivyo hivyo kalivyo. Ukienda na maneno, "nipe ule wa kawaida", utarudi mara tatu. Na usije ukatafuta mpira wa nusu inchi kwa rula. Nusu inchi ni jina la bomba, mpira wake ni mpana kuliko hapo. Kabla ya kuweka mpya, pitisha kidole kwenye kikalio. Kikiwa na mikwaruzo kitautafuna huo mpira upesi, nawe utamtukana muuza duka bure.

Tuache bomba. Simu ikitumbukia majini? Kwaya nzima: "Mchele!" Mchele mkavu hauwezi kuyafuata maji yaliyojibanza ndani ya simu, utakachovuna ni vumbi la wanga na punje iliyokwama kwenye tundu la chaji. Kinachoua simu ni umeme kukutana na maji yenye chumvichumvi, vile vijinjia vya shaba vikaanza kuliwa na kutu. Kwa hiyo izime hapo hapo, usiichaji, toa laini, isimamishe tundu la chaji likitazama chini, uiache feni iipulize. Siku mbili, si nusu saa. Na kuiwasha "kidogo tu, nione kama inafanya kazi" ndiko kuimalizia.

Kuna na yule wa kufungua mlango wa friji ili chumba kipoe. Friji haizalishi baridi, bwana mkubwa! Inabeba joto la ndani na kulimwaga mgongoni, na mota yake inaongeza la kwake juu. Chumba kitapata moto, na mita ya umeme itakimbia kama inadaiwa.

Anayeniondolea mzaha kabisa ni yule anayeshauri siki ichanganywe na klorini ya kung'arishia nguo, eti inang'oa uchafu sugu. Inang'oa na mapafu. Mchanganyiko huo unafukiza gesi ya klorini, tena aliyeuchanganya kwa kawaida yumo chooni, kajifungia mlango, kainama juu yake. Ukishausikia ukikuwasha pua, toka nje kwanza, ndoo utaijua baadaye.

Lakini wote hao nawasamehe. Nisiyemsamehe ni mwenye swali mwenyewe. Watu wamebishana mpaka wamekaukiwa mate, yeye anapita wiki ya pili, mikono mfukoni: "Nashukuruni, limeacha kuvuja." Limeachaje? Ni mpira? Ni tepu? Kikalio ulikitazama? Au maji yamekatika mtaa mzima?