Kampuni ya Intaneti Ijibu Mahakamani

Shangazi yangu wa Busia aliambiwa ana kisukari mwezi uliopita. Tuliojua ni mimi na bintiye tu. Usiku alikuwa anaketi kitandani na simu, akisoma ale nini na aache nini. Wiki haikuisha, simu ikaanza kumletea matangazo ya vipima sukari na chai ya kushusha sukari. Akanipigia, anaongea kwa kunong'ona: "Mwanangu, nani amewaambia?"

Nilikosa jibu. Labda ni tovuti alizofungua, labda programu fulani, labda kampuni inayomuuzia bando. Hawezi kujua, nami siwezi kuthibitisha.

Kinachonisumbua zaidi ni hiyo kampuni ya intaneti. Tovuti usiyoiamini unaiacha, lakini kampuni ndiyo njia yenyewe. Hata ukurasa ukiwa umefichwa maandishi yake, kwa kawaida kampuni huona jina la tovuti, na saa uliyoifungua. Tena hapa Uganda laini inasajiliwa kwa kitambulisho cha taifa, kwa hiyo kampuni inamjua Shangazi kwa majina yake yote.

Haya si mambo ya kudhania. Uingereza, kampuni ya simu na intaneti ya BT ilijaribu kwa siri mitambo ya kampuni ya matangazo ya Phorm mwaka 2006 na 2007, ikafuatilia kurasa walizosoma maelfu ya wateja ili iwalengee matangazo. Mwaka 2011 waendesha mashtaka wakakataa kuifungulia kesi. Marekani, kampuni ya simu ya Verizon ilibandika alama kwenye mawasiliano ya wateja wake wa simu, alama ambayo mteja hakuweza kuifuta. Mwaka 2016 ikalipa faini ya dola milioni 1.35, pesa ambayo kampuni kubwa hivyo haiisikii hata kidogo.

Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019. Inampa aliyepata hasara au dhiki haki ya kudai fidia mahakamani, na kampuni ikitiwa hatiani inaweza kutozwa hadi asilimia 2 ya mapato yake ya mwaka. Mwaka 2021 NITA-U, mamlaka ya serikali ya teknolojia ya habari, ilibaini kwamba SafeBoda, kampuni ya programu ya kuitia bodaboda, iliipa kampuni ya CleverTap ya Marekani data za wateja bila kuwaeleza vya kutosha. Kwa hiyo meno yapo. Ila Shangazi ataanzia wapi, wakati kumbukumbu zote ziko kwenye mitambo ya kampuni anayoishtaki?

Ninachodai ni mzigo wa ushahidi uhame. Mteja akilalamika, kampuni ilete kumbukumbu mbele ya hakimu: nani alipewa nini, lini, kwa ruhusa gani. Na isituambie alikubali masharti. Nilikuwepo siku aliposajili ile laini. Alisimama juani kwenye kibanda cha wakala, akaweka kidole, akapewa laini, akaondoka. Hakuna aliyemsomea chochote, na masharti yenyewe yako kwa Kiingereza.

Sheria hiyohiyo inamruhusu kuiandikia kampuni iache kutumia taarifa zake kumtangazia biashara, nayo inapaswa kumjibu kwa maandishi ndani ya siku 14. Jumatatu tuliandika barua hiyo mezani kwake, kwa mkono, nakala mbili. Nimeipeleka mwenyewe, na nakala yetu imegongwa mhuri wa kupokelewa. Shangazi ameitunza kwenye bahasha pamoja na kadi yake ya kliniki, na anahesabu siku.