Wanaoikwepa saluni: kosa ni la msusi peke yake?

Kuna mwanamke anayeisubiri Jumamosi kwa hamu aende saluni. Na kuna mwingine ambaye rasta zake zimeshachoka, nywele mpya zimeota vidole viwili, na bado kila asubuhi anajifunga kilemba kwa sababu hataki kurudi kule. Huyu wa pili hazungumzwi sana. Wenzake ofisini humwona mvivu au bahili, na ndugu zake humuuliza kama anaumwa. Nimewasikiliza wengi wa aina yake hapa Dar es Salaam, na mwenyewe niko karibu zaidi na upande wao. Ila kila malalamiko yao yanavyoongezeka ndivyo ninavyoona kwamba mshtakiwa, yaani msusi, amebebeshwa kesi ambayo nusu yake haimhusu.

Tuanze na muda, maana ndipo wengi wanapochokea. Kusuka rasta ndogondogo kwa mikono miwili ni kazi inayochukua muda wa saa tano hadi nane. Hilo mteja analijua na hana ugomvi nalo. Kinachomkera ni saa zinazotangulia. Ameambiwa aje saa tatu asubuhi. Anafika saa tatu, anakuta msusi ana kichwa cha mtu mkononi, mwingine yuko chini ya draya, wa tatu anafumuliwa na binti anayejifunza kazi. "Kaa dada, namalizia huyu tu." Huyo anayemaliziwa bado ana nusu kichwa. Mteja anakaa, anatazama tamthilia iliyoanza bila yeye, wamachinga wanapita na viatu na madera, saa sita inafika hajaguswa. Akiuliza, anajibiwa kwa upole mno, na upole wenyewe ndio unaomkasirisha.

Jirani ya saluni hiyo mara nyingi kuna kinyozi. Bei yake inajulikana mtaa mzima, mwanaume anakaa, dakika 20 zikipita ameshanyolewa, amepakwa spiriti, ameondoka. Wanawake wengi hutoa mfano huu kuonyesha kwamba wasusi hawana nidhamu. Mfano haukai sawa. Vichwa vya kinyozi vinafanana, kwa hiyo foleni yake inakadirika kwa macho. Msusi hajui kichwa kinachokuja kina nywele kiasi gani, zimefumuliwa au zimegandana, mwenyewe anataka mistari sita au rasta mia mbili. Ukimpa kinyozi kazi ya saa nane kwa kila kichwa, naye atasema "namalizia huyu tu".

Lakini hiyo si sababu yote. Ukitaka kuelewa foleni ya saluni, angalia namna msusi anavyolipwa. Wengi wao mjini hawana mshahara. Wanafanya kazi kwenye fremu ya mtu mwingine, wanagawana na bosi kile alicholipa mteja, au wanamlipa kodi ya kiti. Siku isiyo na kichwa ni siku isiyo na nauli ya kurudi nyumbani. Mtu wa namna hiyo akipigiwa simu na wateja wanne wanaotaka saa tatu, hamkatalii hata mmoja. Anajua wawili hawatakuja, na wa tatu atasema "nipo njiani" akiwa bado kitandani. Ikitokea wote wanne wamefika, ndiyo ile Jumamosi inayosimuliwa mwaka mzima. Mteja aliyeungua siku hiyo anajifunza: safari nyingine ataambiwa saa tatu, yeye ataenda saa tano. Msusi akiona watu wa saa tatu wanafika saa tano, anaongeza mwingine wa saa tatu ili asikae bure. Kila mmoja anajikinga na mwenzake, na kinga ya huyu inakuwa kero ya yule. Ongeza umeme hapo. Mwishoni mwa 2023 mgao ulipokuwa mkali, draya ziligeuka mapambo ya ukutani, na saluni isiyo na jenereta ilimsubirisha mteja aliyekwisha kuoshwa kichwa hadi giza likaingia.

Bei nayo ina hadithi inayofanana. Kiasi kinachotajwa kwenye simu ni cha kusuka tu. Ukishakaa, zinaanza kuingia nyongeza: kufumua, kuosha, kukausha, halafu pakiti mbili zaidi za rasta kwa sababu "nywele zako nyingi, dada". Aliyeambiwa 25,000 anajikuta anadaiwa 40,000, na hapo kichwa kimesukwa nusu. Nani atanyanyuka na kutoka barabarani akiwa na kichwa kilichosukwa nusu? Kwa maoni yangu hili ndilo linaloumiza kuliko fedha yenyewe, kwamba ukishakalia kile kiti huwezi tena kukataa. Msusi anajua, na wewe unajua kwamba anajua.

Msusi ukimwuliza, atakwambia mteja alisema "mistari tu" kwenye simu, akafika na picha ya msanii wa Nigeria. Atakwambia alikuja na pakiti mbili za rasta kwa msuko unaokula sita, na nywele ambazo hazijaonja chanuo kwa miezi mitatu. Na atakwambia jambo moja zito zaidi, kwamba akitaja bei kamili kwenye simu, mteja anakwenda kwa jirani aliyetaja bei pungufu, halafu huko anaongezewa zilezile. Soko la mtaani linamwadhibu anayesema kweli mapema. Sisi wateja tumelijenga soko hilo kwa kuuliza swali moja tu: "Sh ngapi?"

Kwenye maumivu, huruma yangu kwa saluni inapungua. Msuko unaobanwa hadi ngozi ya paji la uso inavutika, vipele vinatoka kwenye mstari wa nywele, na mtu analala usiku mbili kwa paracetamol, si urembo. Madaktari wa ngozi wanaeleza vizuri kinachotokea. Mzizi ukivutwa mara kwa mara, nywele za pembeni ya uso hudhoofika na kukatika. Mwanzoni, ukiacha kubana, zinarudi. Ukiendelea miaka, mzizi unaacha kovu na pale hapaoti tena. Kila mtaa una mama mwenye upara wa pembeni aliouchukua saluni. Bado ukilalamika unaambiwa uvumilie, uzuri gharama. Ni kweli pia kwamba wako wateja wanaodai wabanwe, kwa imani kwamba msuko uliobana unakaa muda mrefu, na msusi anayelegeza mkono anaambiwa hajui kazi. Lakini mwenye ujuzi ni nani kati yao? Daktari hakupi dozi mbili kwa sababu umezitaka.

Dawa ya kulainisha nywele ni habari nyingine. Dawa hizi hufanya kazi kwa ukali wa alkali, nyingi zikiwa na pH, yaani kipimo cha asidi na alkali, inayopita 12, ndiyo maana ngozi hupakwa mafuta kwanza na mteja huonywa asijikune kabla ya kuja. Aliyewahi kusikia kichwa kinawaka huku msusi ametoka nje kutafuta chenji hasahau. Mwezi wa Oktoba 2022 watafiti wa taasisi za taifa za afya za Marekani walichapisha matokeo yao baada ya kufuatilia wanawake 33,497 wenye umri wa miaka 35 hadi 74 kwa karibu miaka 11. Walikuta kwamba, kwa makadirio yao, asilimia 1.64 ya wasiotumia dawa za kunyoosha nywele wangepata saratani ya mji wa uzazi kufikia umri wa miaka 70. Kwa wanaozitumia mara kwa mara, zaidi ya mara nne kwa mwaka, kiwango kilikuwa asilimia 4.05. Habari hizi zilisambazwa kwenye makundi ya WhatsApp kana kwamba kila kopo ni hukumu ya kifo, jambo ambalo utafiti haukusema. Umeonyesha uhusiano, haukuthibitisha kwamba dawa ndiyo chanzo, na asilimia nne bado ina maana kwamba wengi mno hawaugui. Hata hivyo, mwanamke anayesema "mimi dawa basi" ana hoja inayotosha. Hastahili kubembelezwa arudishie dawa kila anapokalia kiti.

Na anabembelezwa kweli. "Nywele zako ngumu, dada, tuweke dawa kidogo tu zilainike." Ukiwasikiliza Waswahili walioko Uingereza, kero yao ni kwamba saluni za kawaida kule hazijui kabisa kushika kipilipili. Viwango vya kitaifa vya kazi ya utengenezaji nywele huko vilirekebishwa mwaka 2021 ndipo nywele za asili ya Kiafrika zikaingizwa katika kile ambacho kila mwanafunzi anapaswa kukijua. Sisi hapa tuna wasusi ambao wamezaliwa na nywele zilezile, na bado mteja anaambiwa zake ni kosa la kurekebishwa.

Sehemu ya tatizo hili imeanza mbali na saluni. Shule nyingi za serikali Tanzania huwataka wasichana wakae na nywele fupi. Sababu zake zinaeleweka: usafi, usawa kati ya wenye nacho na wasio nacho, muda wa kusoma. Matokeo yake ni kwamba binti anamaliza kidato cha nne au cha sita, anaziachia nywele zikue, na hajawahi kuziosha, kuzichana wala kuzisuka mwenyewe zikiwa ndefu. Anakwenda saluni akiwa mgeni wa kichwa chake. Akiambiwa ngumu anaamini. Akiambiwa anahitaji kopo la mafuta la 18,000 ananunua. Zamani kazi hii ilifanyika barazani, mkubwa kwenye kigoda, mdogo kwenye mkeka katikati ya magoti yake, na ukishasukwa unamsuka mwenzako. Tusiipambe sana zamani hiyo, maana shangazi naye alikuwa akibana, na ukilia unapigwa chanuo la kisogoni. Lakini kila mtoto alitoka pale akijua kusuka hata mabutu.

Kisha kuna maneno. Mteja amekaa, kichwa kimeshikwa, hana pa kukimbilia: "Unaolewa lini?" "Huyo mtoto wako wa kwanza tutamwona lini?" "Mbona umenenepa hivi, una raha eh?" Mwaka 2015 saluni moja ya Cardiff, Wales, iliweka kiti cha kimya kwa wateja wasiotaka kuongea, na wengi duniani wakaifurahia. Sidhani kama kiti hicho kingedumu wiki Sinza. Na hapa upande wa pili una nguvu kweli, kwa sababu saluni ni miongoni mwa mahali pachache ambapo mwanamke wa mjini anakaa saa sita bila mtu kumtuma. Mchezo wa fedha unachangwa pale, habari ya kazi inapatikana pale, anayepigwa nyumbani anasikilizwa pale kabla hajafika kokote. Umbea ni ada yake. Kuna wanaoona ada hiyo ni ndogo, kuna wanaoiona kubwa, na wote wako sahihi. Wenye hijabu wana sharti jingine, pazia na mlango unaofungwa, na saluni ambayo muuza karanga anaingia bila hodi haiwafai hata kama msusi wake ni hodari.

Wanaokwepa wana njia zao. Wako wanaomwita kijana wa Kimasai aje nyumbani. Morani wamekuwa wakisukana nywele ndefu tangu jadi, na ujuzi huo baadhi yao wamekuja nao mjini ukawa ajira. Mteja anasukwa sebuleni kwake, watoto wakicheza, bila foleni. Wengine wamehamia kwenye wigi. Serikali nayo iliwaona: katika bajeti ya 2019/20, Waziri wa Fedha wa wakati huo, Philip Mpango, alitangaza ushuru wa asilimia 25 kwa nywele bandia zinazotoka nje na asilimia 10 kwa zinazotengenezwa nchini. Hata bila ushuru, wigi halimtoi mtu saluni moja kwa moja, kwani chini yake panahitaji mistari, na mistari inahitaji msusi.

Nikipima, naona malalamiko ya muda na bei yana dawa, na dawa hiyo inawadai wateja kwanza. Baadhi ya saluni hazikupangii saa mpaka utume advansi kwa simu, na bei ya kila msuko, pamoja na kufumua na kuosha, imeandikwa kabla hujatoka nyumbani. Nimewasikia wanaolalamikia foleni kwa sauti kubwa ndio haohao wanaoikataa advansi: "Nimlipe kabla hajanigusa?" Ndiyo, mlipe. Asiye na uhakika wa kula hawezi kukuachia kiti kitupu saa nzima akikusubiri utoke kwenye foleni ya magari ya Mwenge. Na akishaichukua fedha yako asikuguse kwa wakati, una haki ya kuidai, haki ambayo leo huna.

Suala la kubana na la kulazimishwa dawa ni la msusi, na hapo sina cha kumtetea. Ni la mafunzo na la kusikia mtu akisema "inauma". Yule anayekwepa kwa sababu tu hapendi kushikwashikwa kichwa au kuhojiwa kuhusu ndoa yake, advansi haimsaidii kitu. Sioni sababu ya kumbembeleza arudi. Anyoe, asukwe nyumbani, au abaki na mabutu yake.