Mgeni mwenye duka Dodoma alikuwa na kitu ambacho sisi tulinyimwa

Tangu Julai 2025, Wizara ya Viwanda na Biashara ilipotoa amri ya kuwakataza wasio raia kufanya biashara za aina 15, vijiwe vingi hapa Dodoma vimekuwa vikishangilia. Uuzaji wa jumla na rejareja, uwakala wa fedha kwa simu, ufundi simu, saluni, ununuzi wa mazao shambani, zote hizo sasa zimeachiwa Watanzania, na mgeni atakayekiuka anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo. Nawaelewa wanaoshangilia. Wafanyabiashara wa Kariakoo walilalamika muda mrefu, na malalamiko yao yalikuwa na msingi: mtu anaingia nchini kama mwekezaji, kesho yake unamkuta anauza ndala pea moja moja mlangoni pako. Kulizuia hilo ni haki kabisa.

Ila mimi ni mtu wa Dodoma, mji ambao maduka yake ya mwanzo yalifunguliwa na wageni, na naona furaha yetu imetangulia kazi. Kumwondoa mgeni dukani si jambo jipya kwetu. Tumeshawahi kulifanya, na wazee bado wanakumbuka tulichokipata.

Tuanzie mbali kidogo. Ugogo, nchi ya Wagogo ambamo Dodoma imo, ilikuwa njia ya misafara kabla haijawa na mji. Misafara ya Wanyamwezi na Waswahili ilipita hapa kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, na watemi wa Kigogo walitoza hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa kuwa nchi ilikuwa yao na maji ni adimu. Mji wenyewe uliletwa na reli. Wajerumani walianza kuijenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, ikapita Dodoma, na mwaka 1914 ikagonga Kigoma. Wengi huamini kuwa Wahindi wa Dodoma waliletwa kutandika mataruma, kama wale wa reli ya Uganda kule Kenya. Sivyo. Reli yetu ilijengwa hasa kwa jasho la Waafrika. Wahindi walioweka makazi hapa walifuata reli ili wauze: Makhoja, Mabohora, Wahindu, Makalasinga, na pamoja nao Waarabu ambao wengine walipenya hadi Kondoa na Mpwapwa.

Wengi wao hawakuja na fedha. Hapa ndipo ninapotaka tutulie, kwa sababu simulizi zetu hulipita jambo hili haraka na kukimbilia kwenye ujanja wa Mhindi. Kijana aliyeshuka jahazini kutoka Kutch au Gujarat kule India alikuwa na nguo zake na jina la mjomba. Jina hilo ndilo lililomfungulia ghala. Mwenye jumla wa pwani alimkabidhi marobota ya vitambaa vya marekani na kaniki, magunia ya chumvi, madebe ya mafuta ya taa, shanga na majembe, vyote kwa mali kauli: nenda kauze, kisha ulete hesabu. Allidina Visram mwenyewe, aliyekuja Bagamoyo akiwa kijana na kufariki mwaka 1916 akiwa tajiri mwenye matawi Afrika Mashariki nzima, alikua ndani ya utaratibu huo, na maduka mengi madogo ya bara yaliishi kwa mzigo aliowakopesha wenye maduka hayo.

Mwenye duka naye alimkopesha Mgogo. Mtu alichukua kaniki mwezi wa Novemba, kabla ya mvua, na kulipa baada ya mavuno, kwa karanga, ngozi, asali au samli. Duka lenyewe halikuwa na makuu. Kaunta ya mbao iliyong'aa kwa viwiko vya watu, mizani ya mikono miwili na mawe yake ya chuma, kibaba na pishi, cherehani barazani na fundi wake. Nyuma ya pazia familia nzima ililala. Na chini ya kaunta lilikuwepo daftari refu, limeandikwa Kigujarati.

Daftari hilo silipambi. Mkopaji hakuweza kulisoma, kwa hiyo deni lilikuwa lile aliloambiwa. Ugogo ina msimu mmoja tu wa mvua, na mvua ikikosekana njaa inaingia; njaa ya Mtunya iliyofuata vita ya kwanza bado inatajwa. Mtu aliuza mtama wakati wa mavuno kwa bei ya kutupa, akaja kuununua mtama ule ule mwezi wa Februari kwa bei ya kuumiza, tena kwa deni. Machungu hayo yalikuwa ya kweli na tusiwadharau wazee wetu wanapoyasimulia.

Swali ni kwa nini mwenye duka hakuwa Mgogo. Jibu la vijiweni ni kwamba Mgogo ni mtu wa ng'ombe, biashara haimo damuni. Nakataa. Enzi za Waingereza palikuwa na sheria ya kubana mikopo kwa wenyeji: asiye Mwafrika akimkopesha Mwafrika bila kibali cha serikali, asingeweza kulidai deni lake mahakamani. Walisema wanamlinda mwenyeji asifilisiwe. Mwenyeji aliendelea kukopa kaniki moja dukani, deni la kuaminiana. Lakini ghala gani la jumla lingempa marobota 20 mtu ambaye sheria imeshasema hadaiki? Mgogo aliyetaka kufungua duka alitakiwa kulipa taslimu, huku jirani yake akipokea mzigo kwa neno la mdomo. Iliyoitwa kinga ndiyo iliyomfungia mlango, na baadaye akalaumiwa kwa kukaa nje.

Baada ya uhuru tulishughulika na mwenye duka, mlango tukauacha vile vile. Azimio la Arusha la 1967 lilitaifisha benki na kampuni kubwa za uagizaji. Mwaka 1971 nyumba za thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 zikaenda kwa Msajili wa Majumba, na Wahindi wengi waliona ujumbe, wakafunga mizigo kwenda Uingereza na Kanada. Kisha mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka: maduka ya watu binafsi yafungwe, nafasi yake ishikwe na maduka ya vijiji na ya ushirika, yakipata bidhaa kupitia kampuni za biashara za mikoa, RTC. Lengo lilikuwa jema na naliheshimu. Lakini duka la kijiji halikuwa na wa kulikabidhi mzigo kwa mali kauli, wala halikuwa na daftari la kumvusha mkulima mpaka avune. Bibi yangu, aliyeishi upande wa Bahi, alisimulia jinsi rafu zilivyobaki na viberiti na kufuli tu, na watu wakatembea kufuata chumvi mjini. Haikuchukua muda, serikali yenyewe ikailegeza operesheni ile. Kisha vita ya Kagera, foleni za sabuni, msako wa wahujumu uchumi wa 1983, mpaka enzi ya ruksa ya Mzee Mwinyi.

Nani akaja kushika kaunta? Mangi wa Kilimanjaro, Mpemba, Mkinga wa Makete, Mrangi wa Kondoa. Kwa Mgogo wa Makole au Nkuhungu hao nao walikuwa wageni, ingawa ni ndugu zetu wa taifa moja na hakuna anayetaka waondoke. Tazama walivyoingia. Kijana wa Kikinga anatumikia duka la baba mdogo miaka kadhaa kwa chakula na malazi, akionekana mwaminifu anafunguliwa lake, na mzigo wa kwanza unatoka Kariakoo kwa simu moja. Ni mjomba yule yule wa Kutch. Kilichobadilika ni kabila.

Leo Dodoma si mji wa zamani. Sensa ya 2012 ilituhesabu 410,956. Ile ya 2022 ikatukuta 765,179, baada ya serikali kuhamia hapa. Wateja wamefurika. Hata hivyo mama wa Chang'ombe anayetaka kufungua genge au duka la vipodozi, asiye na mjomba Kariakoo, anaangukia mikopo ya kausha damu, anaweka rehani kochi na friji, na wiki ya tatu marejesho yamekula mtaji. Amri ya 2025 haimgusi. Hajawahi kushindana na Mchina hata siku moja. Anashindwa kabla ya kufika sokoni.

Ipo mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni jambo zuri na ningependa libaki. Ila ni fedha taslimu, inatolewa mara moja, na shida za nyumbani zinaijua njia yake. Ningependa sehemu yake igeuke dhamana ya mzigo. Viwanda vya kukamua alizeti vya Dodoma na Singida, wasagishaji wa unga, wenye mvinyo na juisi ya zabibu zetu wenyewe: wapeleke bidhaa kwa wenye maduka waliosajiliwa, walipwe baada ya wiki mbili, na asiyelipa jiji lifidie, kisha limshughulikie huyo kwa jina. Akilipa mizigo mitano bila kuchelewa, wa sita uwe mkubwa zaidi. Daftari liwe la Kiswahili, kwenye simu yake, alisome mwenyewe.

Bunge la bajeti hukaa hapa hapa kwetu kuanzia Aprili hadi Juni. Wabunge watakaosimama kuisifu amri ile washuke kwanza hadi soko la Majengo, wawaulize wenye vibanda mzigo wa leo wameupata kwa nani, na kwa masharti gani.